Haya Isiyofaa: Mwasho wa Kinena

Mwanafunzi mmoja wa bweni hakuweza kutulia juu ya benchi. Nilipomwuliza, alijibu, “Hapana neno, Mwalimu.” Baada ya miezi 2 nilimkuta nyuma ya nyumba ya kulala akilia: mapaja yamebabuka, hata kutembea hawezi. Aliwashwa tangu zamani, lakini aliona haya kusema. Kwa siri alinunua sokoni mafuta ya kung’arisha ngozi, akajipaka. Mwasho ulipoa siku chache, kisha ukarudi kwa nguvu na kuenea hata matakoni.

Wasomaji wapendwa, ugonjwa ule ni choa cha kinena. Huletwa na kuvu ndogo zisizoonekana kwa macho; iliyo ya kawaida zaidi yaitwa Trichophyton rubrum. Kuvu hizi hupenda joto na jasho, ndiyo maana huwapata wacheza mpira, madereva na wote wavaao nguo za kubana. Mara nyingi hukaa kwanza katikati ya vidole vya miguu, kisha mtu huzipandisha mwenyewe kwa mikono, kwa taulo au kwa nguo anazovaa.

Alama yake ni duara liwashalo, lenye ukingo wa magamba, nalo huenea polepole. Kwa kawaida korodani hazishikwi. Juu ya ngozi nyeusi huonekana rangi ya kahawia kuliko wekundu.

Mbona mafuta ya sokoni yalimdhuru kijana? Mengi ya namna hiyo yana klobetasoli, dawa kali itulizayo mwasho, lakini huudhoofisha ulinzi wa ngozi. Moshi unapungua, moto unazidi chini kwa chini.

Basi tufanye nini? Oga kila siku kwa maji na sabuni isiyo kali, ukajikaushe vizuri, hasa mikunjoni. Taulo ya miguu isiguse kinena. Vaa soksi kabla ya nguo ya ndani. Nguo ya ndani iwe ya pamba, ibadilishwe kila siku, ikaushwe juani. Usiazime wala kuazimisha nguo au taulo. Paka krimu ya klotrimazoli mara 2 kwa siku, ukaendelee wiki 1 au 2 baada ya alama kutoweka. Kama miguu nayo ina kuvu, itibiwe pamoja.

Lakini si kila mwasho ni choa. Ukiwashwa zaidi usiku, na watu wa nyumbani wanajikuna vilevile, yaelekea ni upele: mtibiwe wote siku moja. Ukiona kidonda, malengelenge, usaha, uvimbe wa korodani, au govi lisilorudi, usijitibu; nenda upesi kwa mganga. Vivyo hivyo ikiwa ugonjwa warudi-rudi, kwani huenda kisukari kimejificha.

Nanyi wake, msiharakishe kumshtaki mume. Choa cha kinena si ushahidi wa uzinzi. Hata taulo ya jirani yaweza kukileta. Nanyi akina baba, waambieni wana wenu mapema maneno haya, bila kuwacheka.

Kijana wetu aliacha mafuta yale, akatibiwa kituoni, na baada ya majuma machache alirudi uwanjani. Haya ni pambo la mtu. Lakini mbele ya mganga, haya huzaa maumivu.