Uzuri wa Jiko la Shauri Moyo

Watu wengi hudhani ya kwamba kitu cha kupendeza ni kile kilichotundikwa ukutani. Lakini msomaji akaaye Bahati, Makadara au Jericho hana haja ya kwenda mbali; na alitazame jiko lake la makaa.

Jiko lile la kiuno chembamba, bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, lilianza kuenea Nairobi katika miaka ya 1980. Wazo lake lilitoka Thailand, bali walioliunda kwa mikono ni mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji. Kiuno kile si pambo tu. Udongo wa ndani ni mpana juu na mwembamba chini, nao hukalia pale kiunoni usiteleze. Kisha huzuia joto lisipotee ubavuni, makaa yakadumu. Basi umbo lipendezalo macho ndilo liokoalo fedha za mpishi. (Ni picha ngapi za ukutani ziwezazo hayo?)

Na bati lenyewe? Aghalabu ni pipa kuukuu, lililokatwa kwa patasi na kunyoshwa kwa nyundo. Mafundi hao walifanya kazi juani, ndipo wakaitwa jua kali. Mabanda ya Kamukunji yalijengwa baada ya Rais Moi kuwazuru mwaka 1985.

Linalosikitisha ni mnunuzi alipaye bila neno bei iliyobandikwa dukani, lakini kwa fundi huyu hung'ang'ania apunguziwe shilingi kumi. Na aligeuze jiko kwanza, autazame mkunjo wa bati unavyozunguka ukingo wote, uliopimwa kwa jicho na kupigwa kwa mkono. Kisha aulize bei.