MOYO UNADUNDA BILA SABABU? SI LAZIMA UFIKE MIREMBE!

Leo tuweke pembeni mapenzi na mitindo, tuongelee jambo ambalo vijana wengi tunalificha chini ya mto: wasiwasi uliopitiliza.

Huku kwetu Nassa, mtu akionekana ana mawazo, utani ni mmoja tu: "Huyo mpelekeni Mirembe!" Watu wanacheka, mwenye mawazo anafunga mdomo. Nani atakubali kusema halali usiku wakati jibu lenyewe ndilo hilo?

Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ilijengwa enzi za Mwingereza, kule kwenye ukame wa Dodoma. Inafanya kazi kubwa, hilo halina ubishi. Ila kwa mtu wa kandokando ya Ziwa Victoria, nauli yake si mchezo. Na wengi wenye wasiwasi wala hawahitaji kufika huko.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Msimu mmoja wa pamba, bei chini, madeni juu, moyo ukaanza kwenda mbio nikiwa nimekaa tu. Jasho, mikono inatetemeka, pumzi inakata, nadhani ndo nakufa. Jirani akasema jini. Washkaji wakashauri gongo. Mama akasema: "Mwanangu, tuanzie zahanati."

Tabibu wa zamu akanipima malaria, damu na presha, maana magonjwa ya mwili nayo hudundisha moyo. Hata tezi ya shingoni ikizidisha kazi huleta hali hiyo. Vipimo vilipotoka safi akaniuliza: "Nini kinakukosesha usingizi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo! Niliongea mpaka koo likakauka. Akanifundisha kuvuta pumzi taratibu na kuitoa polepole zaidi, akaniambia nirudi wiki inayofuata. Nikarudi, tena na tena, mpaka usingizi ukarudi nao.

Basi shika njia hii. Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikishindikana omba rufaa: unapitia Lamadi hadi hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bariadi, au unapanda basi la Mwanza kwenda Bugando, ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. Kama una mdogo wako chini ya miaka 18, anaweza kupiga 116, simu ya bure ya watoto.

Angalizo: vidonge vya usingizi kama Valium usijinunulie dukani. Vinatuliza leo, kesho mwili unavidai. Dawa za wasiwasi huandikwa na daktari, na nyingi huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Pombe nayo inakopesha tu, asubuhi unalipa na riba.

Usidhani uko peke yako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na matatizo ya wasiwasi, na kati ya wanne wenye shida hiyo, ni kama mmoja tu anayepata tiba.

Wenzetu wa Zimbabwe walishtuka mapema. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye "kuwaza sana". Utafiti uliotoka mwaka 2016, wenye watu 573, ulionyesha kuwa waliokaa na wasikilizaji hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Bibi, benchi na masikio! Sisi bibi tunao, na miembe yenye kivuli ipo tele.

Kwa hiyo wiki hii mshkaji akikwambia halali usiku, usimtajie Mirembe. Msogezee kigoda, msikilize, halafu msindikize zahanati.