Nani Hulipia Makala ya Mtafiti Chipukizi?

Mwaka 2014 homa ya dengi ilienea katika jiji la Dar es Salaam. Watafiti walizunguka mitaa ya Kinondoni, Ilala na Temeke wakichunguza maji yaliyotuama ndani ya matairi mabovu na makopo ya plastiki, ambamo mbu wa jamii ya Aedes, waenezao virusi vya ugonjwa huo, hutaga mayai. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Marekani, PLOS Neglected Tropical Diseases. Jarida hilo husomwa bure, hata na mwanafunzi wa Mbagala. Lakini neno "bure" ni la msomaji tu. Gharama huwekwa upande wa mwandishi.

Yafaa ieleweke jinsi makala ya kisayansi inavyochapishwa. Mtafiti huipeleka kwa mhariri, naye mhariri huwapa wataalamu wengine wa fani hiyo waipime, kwa kawaida bila malipo. Mtafiti mwenyewe halipwi hata senti. Zamani majarida yaliendeshwa kwa fedha za wanunuzi, hasa maktaba, na maktaba za nchi maskini zilishindwa kuyanunua. Tangu miaka ya 2000 umeenea utaratibu wa kumtoza mwandishi badala ya msomaji. Jarida la Nature la Uingereza liliweka ada ya yuro 9,500 kuanzia mwaka 2021, yaani zaidi ya shilingi milioni 25 kwa thamani ya wakati ule. Asiyelipa aliweza kuchapishwa humo, ila makala yake ilifungiwa wasionunua jarida. Majarida mengi hutoza kidogo kuliko hapo, lakini ada ya dola 2,000 si ajabu.

Misamaha ipo, na haifai kubezwa. Mwaka 2023 mchapishaji wa Nature alifuta ada hiyo kwa waandishi wa nchi zaidi ya 70 zenye kipato cha chini na cha kati cha chini. Hata hivyo, msamaha wa namna hii hupimwa kwa uchumi wa nchi na si kwa mfuko wa mtafiti. Nchi ikipanda daraja msamaha hupungua, ingawa mshahara wa mhadhiri msaidizi umebaki pale pale. Majarida mengine huuliza pia fedha za utafiti zilitoka nchi gani.

Anayeumia zaidi ni kijana. Profesa huweza kuwa na mradi wenye fungu la uchapishaji. Kijana aliyemaliza shahada ya uzamili hana, na kupanda cheo kwake kunategemea makala zilizochapishwa. Ndiyo maana hutokea akamtafuta mshirika wa ng'ambo mwenye fedha, kisha jina la mshirika likatangulia, ilhali aliyeinama juu ya matairi ni yeye. Majarida ya nyumbani, kama Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yapo na husomwa kwa intaneti. Ubaya ni kwamba wasomi wa nje huyatazama mara chache, hata pale yanapozungumzia mambo ya hapa hapa.

Kila mwalimu wa fizikia nchini amjue Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefika kuhutubia shule. Mpemba alikuwa na swali. Osborne alikuwa na maabara, na aliyafahamu majarida. Alirudi Dar es Salaam, jambo lile likajaribiwa. Makala yao ilitoka Uingereza mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, na wataalamu wangali wakibishana juu yake hadi leo. Katika orodha ya waandishi, jina la Mpemba ndilo lililotangulia.