Mvi Zinapochungulia Shinani
Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, ndiyo maana aliyepaka rangi nyeusi huona weupe ukichungulia juu ya paji baada ya wiki nne hadi sita. Wengi hukosea hapo: hupaka kichwa kizima upya, ncha zikazidi kukoza na kukauka, ilhali panapohitaji rangi ni shinani tu.

Mpakaji makini hugawa nywele mafungu manne, hujipaka mafuta ya mgando pajini na masikioni, kisha hufuata kila mstari kwa mswaki wa zamani.

La kuogopwa ni PPD, kemikali iliyomo katika rangi nyingi nyeusi, na hata katika piko inayopamba mikono ya maharusi pwani. Aliyewahi kuvimba kwa piko asiiguse rangi hiyo kabisa. Wengine wajaribu tone nyuma ya sikio, wasubiri saa 48.