Samaki Kukimbia Si Kupona

Swali ni lile lile kila msimu, liulizwe na nahodha wa mashua ya watalii, na mwongozaji wa wageni mtoni, au na kijana wa mjini aliyejinunulia fimbo ya kuvulia kwa nzi wa manyoya: samaki nikimwachia akapiga mkia akatokomea, si amepona huyo? La, hajapona. Amekimbia tu. Juu ya imani hiyo moja zimejengwa karibu tabia zote mbaya za uvuvi wa burudani katika maji yetu ya joto: kumkumbatia kolekole kifuani mpaka picha zitoshe, kupokezana sangara mashua nzima, kumlaza sakafuni apimwe, halafu kumtupa majini kwa fahari kwamba "tumemwachia". Kama kukimbia kungekuwa kupona, hayo yote yangesameheka. Ushahidi unakataa.

Samaki anapovutana na mshipi hutumia misuli yake myeupe, ile ya kasi, isiyongoja oksijeni. Deni la kazi hiyo hubaki mwilini kwa sura ya asidi, na kulilipa huchukua saa kadhaa, si dakika. Akiwa na deni hilo tunamtoa majini, na hapo nyuzi laini za matamvua, ambazo maji ndiyo yaliyokuwa yakizitandaza, hulala na kushikana kama nywele zilizolowa. Hewa imemzunguka na hana namna ya kuitumia. Mwaka 1992 watafiti wa Kanada, Ferguson na Tufts, walichapisha jaribio lao juu ya trauti, samaki yuleyule aliyepandikizwa katika mito ya Mlima Kenya. Kati ya waliochoshwa kwa kukimbizwa bila kutolewa majini, asilimia 12 walikufa ndani ya saa 12. Waliochoshwa kisha wakakaa hewani sekunde 30 walikufa asilimia 38. Waliokaa sekunde 60, asilimia 72. Sekunde 60 ni muda wa kutafuta simu, kufuta kioo na kumwambia mwenzako asogee kidogo kushoto. Ni kweli samaki wale walichoshwa hadi mwisho wa nguvu zao, na maabara si mto, kwa hiyo usitarajie viwango hivyo hivyo kila mahali. Lakini tazama walikufa lini: baadaye, saa ambayo mvuvi angekuwa ameshafika nyumbani anasimulia jinsi alivyomwona akiondoka kwa nguvu. Na baharini hata hizo saa hazipatikani. Katika visiwa vya Bahama watafiti walifuatilia bonifishi, samaki wa rangi ya fedha wa maji mafupi anayependwa na wavuvi wa nzi kuanzia Karibi hadi Shelisheli. Walioachiwa wakiwa wameshindwa kusimama sawasawa majini waliliwa na papa na wawindaji wengine zaidi ya mara sita kuliko walioachiwa wakiwa imara, na wengi walikamatwa muda mfupi tu baada ya kuachiwa. Mvuvi hakuona damu, akaandika "hai".

Hapo nitajibiwa kwamba trauti ni wa baridi, wetu wamezaliwa katika joto, ni sugu. Hoja hii ina sura ya busara, na ndiyo maana inanichosha kuliko nyingine zote. Maji matamu ya nyuzi 10 za Selsiasi hubeba takribani miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hayabebi hata 8, na ya bahari hubeba pungufu zaidi kwa sababu ya chumvi. Wakati huohuo mwili wa samaki hufuata joto la maji, na mahitaji yake ya oksijeni hupanda karibu maradufu kwa kila nyuzi 10. Kuzoea joto ni kuweza kuishi nalo ukiwa umetulia. Anayekimbizwa dakika kumi saa nane mchana kwenye maji mafupi anadaiwa zaidi na ana kidogo cha kulipia.

Kisha kuna ile dawa inayorithishwa mashuani: mshike mkia, msukume mbele, mvute nyuma, mbele, nyuma, "umjaze pumzi". Iacheni. Maji huingia mdomoni, hupita kwenye matamvua na kutokea nyuma ya mashavu, na njia hiyo ni ya kwenda tu. Kumvuta nyuma ni kuyakunja matamvua ambayo ndiyo kwanza yanataka kunyooka. Samaki aliyelegea hushikwa wima, kichwa kikielekea mkondo, mikono ikiwa imetulia, mpaka aondoke mwenyewe. Maji yakiwa hayatembei, mashua iende mbele polepole.

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo naliheshimu: kwa nini kumwachia kabisa? Samaki ni kitoweo, na kuchezea chakula huku jirani ana njaa ni jambo la kuudhi. Sina neno na anayevua ale. Amuue papo hapo kwa pigo moja la kichwa, amtie kwenye barafu, na nyama yake itakuwa nzuri kuliko ya aliyekufa akihangaika juani. Lakini wapo wasioruhusiwa kuliwa, kama sangara wa Ziwa Victoria aliye chini ya sentimita 50, na hao ni lazima warudi wakiwa na uwezo wa kuishi. Kibaya ni kutoamua: kumchezesha samaki, kumpiga picha, kumtafakari, kisha kumrudisha akiwa nusu maiti. Huyo hakulisha mtu wala hatazaa.

Yaliyobaki ni machache na hayana gharama. Tumia mshipi na fimbo zenye nguvu kumzidi samaki unayemtaka, usijisifu kwa pambano refu. Bana kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kuifunga. Lowesha mikono, kitambaa kikavu huondoa ute unaomkinga na maradhi. Ndoana ikiwa imezama kooni, kata mshipi uiache. Vua alfajiri, pumzika jua la utosi. Papa wakizunguka, hama. Sato jike akitema makinda kutoka mdomoni, umeshavua mahali pa malezi, ondoka hapo. Picha ipigwe samaki akiwa majini, mdomo na matamvua vimezama, na simu iwe tayari kabla hajafika ubavuni. Nanyi manahodha na waongozaji, wageni huwasikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi: mtu akimnyanyua samaki, hesabuni kwa sauti, na mkifika kumi mwambieni amrudishe.