Kodachrome: Filamu Iliyotegemea Mashine Moja

Katika siku za mwisho za mwaka 2010 mji mdogo wa Parsons, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, ulipokea wageni wasio wa kawaida. Wapiga picha walifika kutoka pande nyingi, baadhi yao wakiwa wamesafiri maelfu ya kilomita, wamebeba mifuko na masanduku ya filamu. Mfanyakazi mmoja wa reli alikuja kuchukua filamu zake 1,580 zilizokwisha kusafishwa, takriban zote za picha za magarimoshi, akalipa dola 15,798. Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Duka la Dwayne's Photo mjini humo ndilo pekee duniani lililokuwa limebaki na mashine ya kusafishia filamu ya Kodachrome, nalo lilikuwa limetangaza kwamba baada ya tarehe 30 Desemba halitapokea tena filamu ya aina hiyo.

Kwa kijana aliyezoea kupiga picha kwa simu, jambo hili lahitaji maelezo. Filamu ikishapigwa, je, picha haimo tayari ndani yake? Kwa nini basi isisafishwe mahali pengine, au mwaka mwingine wowote?

Msingi wa filamu ni chumvi za madini ya fedha. Mwanafunzi wa sekondari aliyepata kuchanganya nitrati ya fedha na maji ya chumvi ameona mashapo meupe ya kloridi ya fedha, na kama aliyaacha karibu na dirisha, ameyaona yakigeuka rangi na kuwa ya kijivu. Katika filamu hutumika zaidi bromidi ya fedha, ikiwa ni fuwele ndogo mno zilizotawanywa ndani ya jelatini. Kamera hufunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Nuru hiyo haba hufungua elektroni ndani ya fuwele, elektroni huungana na ioni za fedha, na hapo hutokea kikundi cha atomi chache tu za fedha halisi; atomi nne hivi zatosha. Kikundi hicho hakionekani kwa jicho, na kwa hiyo wataalamu husema kwamba filamu imebeba picha iliyofichika. Dawa ya kusafishia ifikapo, huanzia kwenye atomi hizo na kuigeuza fuwele nzima kuwa fedha nyeusi. Kazi ya nuru hukuzwa kwa njia hiyo takriban mara bilioni moja.

Hadi hapa picha ni nyeusi na nyeupe tu. Filamu nyingi za rangi zilizokuja baadaye hubeba ndani yake kemikali za kuundia rangi, hivyo kwamba fundi mwenye dawa za kawaida huweza kuzisafisha katika mji wowote. Kodachrome haikuwa hivyo. Ilikuwa na matabaka matatu, moja la kupokea nuru ya bluu, la pili ya kijani, la tatu nyekundu, lakini hapakuwa na kiundarangi hata kimoja ndani yake. Rangi zote zilitoka nje, katika dawa za mashine.

Utaratibu wa mwisho uliotumika, ulioanza mwaka 1974, uliitwa K-14. Kwanza filamu ilisafishwa kama ya nyeusi na nyeupe, na kila mahali palipopigwa na nuru pakawa fedha nyeusi. Kilichobaki ni fuwele zisizoguswa, na hizo ndizo zilizotumiwa kujenga rangi. Filamu ilimulikwa kwa taa nyekundu kutoka upande wa nyuma. Tabaka la chini tu ndilo lililoiona nuru hiyo, kisha dawa ikalitia rangi ya saiani, yaani bluu iliyoelekea kijani. Ikamulikwa kwa taa ya bluu kutoka juu, na tabaka la juu likatiwa manjano. La katikati liliamshwa kwa kemikali pasipo taa, likatiwa majenta, ambayo ni nyekundu iliyoelekea zambarau. Mwishowe fedha yote iliondolewa, zikabaki rangi tatu zilizopandana, kila moja ikizuia sehemu yake ya nuru ya projekta. Hatua moja ikikosewa, hata kwa joto la dawa tu, rangi za slaidi nzima zaharibika. Mkemia alitakiwa awepo kila siku kuzipima dawa hizo.

Waliobuni filamu yenyewe walikuwa wanamuziki: Leopold Mannes, mpiga piano, na Leopold Godowsky mdogo, mpiga fidla. Kampuni ya Kodak iliwaajiri mwaka 1930. Inasimuliwa kwamba gizani, pasipoonekana saa, walikuwa wakipiga mbinja za muziki wa Brahms ili kuhesabu sekunde. Filamu yao iliuzwa kuanzia mwaka 1935 kwa ajili ya sinema, na mwaka uliofuata kwa ajili ya kamera za picha za kawaida. Rangi za miaka ile ya kwanza zilififia upesi, na utaratibu wa kusafisha ukabadilishwa mwaka 1938.

Baada ya hapo ikawa kinyume kabisa. Slaidi za Kodachrome zikiwekwa gizani hudumu na rangi zake kupita takriban filamu zote za wakati wake, kwa kuwa hakuna viundarangi vilivyobaki ndani vya kuharibika polepole. Ajabu ni kwamba zikimulikwa mara kwa mara na projekta hufifia upesi kuliko nyingine. Mwenye kurithi slaidi hizo na azinakili, asizionyeshe kila jioni. Tena azihifadhi pakavu: jelatini hutokana na mifupa na ngozi za wanyama, na katika hewa ya unyevu kama ya pwani yetu kuvu huila kama chakula.

Kwa sifa hizo filamu hii ilipendwa na wapiga picha wa magazeti makubwa. Picha ya msichana wa Afghanistan, aliyoipiga Steve McCurry mwaka 1984 katika kambi ya wakimbizi nchini Pakistan, ilipigwa kwa Kodachrome. McCurry huyo huyo alipewa filamu ya mwisho iliyotoka kiwandani, yenye picha 36. Alizipiga New York, India, Uturuki na hatimaye Parsons kwenyewe, ambako ilisafishwa mwezi Julai 2010.

Ni rahisi kuilaumu Kodak, ambayo ilitangaza tarehe 22 Juni 2009 kwamba haitatengeneza tena filamu hiyo. Lakini wapiga picha wenyewe walikuwa wameshaiacha. Walikuwa na filamu za slaidi zilizosafishwa kwa saa chache karibu na ofisi zao, kisha wakapata kamera za dijiti. Kodachrome ikawa chini ya asilimia 1 ya filamu zote za picha zilizouzwa na kampuni hiyo. Mashine ya K-14 haikuweza kuwashwa mara moja kwa mwezi kwa ajili ya wapenzi wachache. Dawa zake zilidumu katika vipimo sahihi kwa sababu filamu zilipita ndani yake kila siku. Na kamera ya dijiti yenyewe, ile ya kwanza kabisa, ilitengenezwa ndani ya Kodak mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson. Picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti.

Hadi leo filamu za Kodachrome zilizopigwa na kusahaulika hupatikana katika masanduku ya marehemu. Picha iliyofichika ingali imo, pengine imefifia kidogo. Wapo wajaribu wachache waliochanganya dawa wenyewe na kupata rangi kwa shida kubwa. Maabara za biashara huzisafisha kwa dawa ya nyeusi na nyeupe. Fedha ya matabaka yote matatu hutokea kwa pamoja, imepandana, na gauni la bibi harusi huonekana vizuri. Maua aliyoyashika huwa ya kijivu.