Mzigo Haupotei: Jinsi Winchi Zinyanyuavyo Vitu Vizito

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maneno hayo hunijia kila Jumamosi tupatapo ruhusa ya kutoka shuleni, nikashuka pwani ya Bagamoyo na kuwaona wachukuzi wakipakua chombo kitokacho Unguja. Chombo hukaa mbali kidogo na nchi kavu, nao hutembea majini, maji yakiwa kiunoni, na magunia mabegani, mpaka mchangani. Sisi tulio chini ya mnazi twaona kazi ni nyepesi. Aliyejitwika gunia ndiye ajuaye.

Katika makala haya napenda kuwaeleza wasomaji jinsi vyombo vya kunyanyulia vitu vizito vifanyavyo kazi, tangu kapi la jahazi hata winchi kubwa za bandarini, ambazo wengine huziita kreni. Mambo haya twayasoma darasani kwa Kiingereza, lakini wazazi wetu wengi huyatumia kila siku kwa mikono yao, hivyo yafaa yaandikwe kwa lugha yetu sote. Mwalimu wetu wa fizikia atanisamehe nikitumia kilo mahali pa nyutoni.

Jambo kubwa la kukumbuka ni moja. Mashine haipunguzi uzito wa mzigo. Huugawa tu. Mzigo haupotei, na popote ugawanywapo, lazima jumla yake ifike ardhini. Mwenye kulisahau hilo huumia, kama nitakavyoeleza mbele.

KUGAWA KWA WATU

Njia ya zamani kuliko zote ni kuwagawia watu wengi mzigo mmoja. Mji wetu waijua sana njia hii. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi ilifika hapa kutoka bara na pembe za ndovu, ikarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mpagazi mmoja alichukua kiasi cha kilo 30 kwa mamia ya maili.

Kitu kisichobebeka kizima kilikatwa vipande. Mwezi wa Novemba 1874 msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo ukiwa na mashua iitwayo Lady Alice, iliyotengenezwa kwa sehemu zenye kutenganishwa. Wapagazi walizichukua sehemu hizo mabegani mpaka Ziwa Viktoria, zikaunganishwa huko, na mwaka 1875 mashua ikazunguka ziwa. Hapakuwa na winchi hata moja njiani. Mashua nzima ilikwenda kwa miguu ya watu.

KUGAWA KWA KAMBA

Njia ya pili ni kuzigawia kamba. Tuanze na kapi moja lililofungwa juu ya boriti, kama mafundi wa nyumba wafanyavyo. Fundi avutaye ndoo ya zege ya kilo 40 kwa kapi hilo huvuta kilo 40 zile zile. Faida yake ni kwamba avuta kwenda chini, na uzito wa mwili wake wamsaidia. Lakini je, boriti yabeba kilo ngapi? Wengi hujibu 40. Sivyo. Yabeba 80, yaani 40 za ndoo upande huu na 40 za mkono wa fundi upande wa pili. Ndiyo sababu boriti ambayo yaonekana yatosha huvunjika ghafula.

Sasa tuchukue kapi jingine, tulifunge kwenye ndoo yenyewe, lipande na kushuka pamoja nayo. Ndoo sasa yaning'inia kwa kamba mbili, na kila moja yabeba kilo 20. Nguvu imepungua nusu. Lakini hakuna cha bure: ili ndoo ipande meta 1, fundi lazima avute meta 2 za kamba. Alichookoa kwa nguvu amekilipa kwa urefu wa kamba.

Mabaharia wa pwani hii walilijua jambo hili kabla ya shule zetu kujengwa. Tazameni jahazi likitweka tanga. Foromali, yaani mti mrefu unaoshika tanga, hufungwa henza, kamba nene ipitayo kichwani pa mlingoti. Ncha ya pili ya henza ina gofia, na ndani ya gofia hupita jarari, kamba nyembamba kuliko henza, nayo ndiyo mabaharia waivutayo. Tuseme foromali na tanga lake ni kilo 200, na jarari imepita mara nne kati ya gofia na kapi la chini. Kila mkondo wa kamba hubeba kilo 50, na mabaharia huvuta kilo 50 na zaidi kidogo kwa sababu ya msuguano. Foromali ikipanda meta 5, jarari imevutwa meta 20. Na kichwa cha mlingoti? Kama ile boriti, kina kiasi cha kilo 400, maana henza yakivuta pande zote mbili. Ndiyo maana mlingoti wa jahazi ni gogo hasa wala si ufito.

KUGAWA KWA MWENDO

Katika gereji nyingi kuna winchi ya mnyororo, ambayo mafundi huitumia kutoa injini za magari. Ndani yake mna magurudumu yenye meno. Gurudumu dogo huzungusha kubwa, hivyo mkono wa fundi huenda mbali na ndoana huenda kidogo sana. Tuseme ili mzigo upande meta 1, lazima mnyororo uvutwe meta 30. Basi injini ya kilo 240 ingehitaji nguvu ya kilo 8 tu. Kwa kweli msuguano hula sehemu yake, na huenda ukahitaji kilo 12 au zaidi. Hata hivyo, mtoto wa darasa la saba aweza kuinua injini ambayo watu wanne wazima wangeiinua kwa taabu.

Tena winchi hiyo ina breki ya ajabu. Uzito wa mzigo wenyewe ndio ubanao breki. Fundi akiachia mnyororo, mzigo husimama hewani. Mzigo ukiwa mzito zaidi, breki hubana zaidi.

SIKU MCHANGA ULIPOTUSHINDA

Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba wangu, fundi wa injini za boti, katika kijiji kimoja cha pwani kaskazini ya Dar es Salaam. Tulitaka kutoa injini kutoka katika boti iliyokaa mchangani maji yalipokupwa. Tulisimamisha miti mitatu, tukaifunga vichwa, tukatundika winchi ya mnyororo. Mjomba alikagua kila pete ya mnyororo. Ndoana ilikuwa imara, kamba ilikuwa mpya, na miti ilikuwa ya mkoko. Nami nilivuta mnyororo kwa mkono mmoja nikijisifu moyoni.

Injini ilipotoka nusu, mguu mmoja wa miti ulididimia. Miti yote ikalala upande, injini ikagonga ubavu wa boti, kisha ikamwangukia mjomba mguuni. Vidole viwili vilivunjika, naye akakaa miezi miwili bila kazi. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu karibu yetu alisema, "Mwanangu, kamba mmeikagua, mchanga hamkuukagua."

Niliporudi shuleni nilifanya hesabu. Injini ilikuwa ya kilo 240 hivi, basi kila mguu ulibeba zaidi ya kilo 80. Ncha ya mti ilikuwa kiasi cha sentimeta 5 kwa 5, yaani sentimeta za mraba 25. Kila sentimeta ya mraba ya mchanga ilibeba zaidi ya kilo 3, na mchanga wenyewe ulikuwa umelowa. Kama tungaliweka chini ya kila mguu kipande cha ubao wa sentimeta 40 kwa 40, eneo lingalikuwa sentimeta za mraba 1,600, na mchanga ungalibanwa mara 64 chini ya hapo. Vipande vitatu vya ubao vingaliokoa miezi miwili ya riziki. Tulikuwa tumeugawa mzigo vizuri sana juu, tukasahau kuugawa chini.

WINCHI ZA BANDARINI

Kanuni hiyo hiyo ndiyo itawalayo winchi kubwa. Winchi yenye mkono mrefu ni kama mizani. Mzigo wa tani 2 ulio meta 10 kutoka kwenye egemeo huipindua winchi kwa nguvu sawa na mzigo wa tani 4 ulio meta 5. Kwa hiyo winchi isemwayo kuwa ni ya tani 50 haichukui tani 50 popote. Huzichukua mkono ukiwa karibu tu, na kadiri mkono unavyonyooshwa mbali, ndivyo uwezo wake upunguavyo. Nyuma yake hutiwa uzito wa chuma au zege ili kusawazisha. Ile iliyo juu ya lori hutandaza miguu ya pembeni kabla ya kuinua kitu, na dereva mwangalifu huweka mbao nene chini ya kila mguu. Nilipoziona mbao hizo mara ya kwanza baada ya ajali yetu, nilijua maana yake bila kuambiwa.

Zamani, katika bandari ya Dar es Salaam, meli kubwa zilitia nanga katikati ya maji, na shehena ilishushwa kwa winchi za meli zenyewe ndani ya matishali, ndipo ikaletwa nchi kavu. Mwaka 1956 zilifunguliwa gati za maji ya kina kirefu, meli zikaweza kuegama ukutani. Siku hizi kontena moja lililojaa laweza kufika tani 30. Winchi ya kontena husimama juu ya reli, na mkono wake hutanda juu ya meli. Fremu ya chuma hushuka, kufuli zake nne huingia katika pembe nne za kontena, na mzigo huinuliwa sawasawa. Lakini uzito wote huo, pamoja na uzito wa winchi yenyewe, hushuka kwenye magurudumu, toka magurudumu hadi reli, toka reli hadi ukuta wa gati na misingi yake.

KWA NINI SI BAGAMOYO?

Hapa twapata jibu la swali ambalo wageni hutuuliza. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka mwaka 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam. Wengine hudhani mji wetu ulipitwa kwa kukosa mashine. Lakini hata kama winchi bora ya dunia ingaliletwa siku ile, ingalisimama wapi? Maji yetu ya pwani ni haba na chini yake ni mchanga. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya meta 3, na chombo kilichokuwa kikielea asubuhi hukaa juu ya mchanga adhuhuri. Meli kubwa haiwezi kuikaribia winchi, wala winchi haiwezi kuifuata meli. Dar es Salaam ilikuwa na maji ya kina yaliyokingwa na nchi. Baadaye reli iliyoanza kujengwa huko mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, na biashara ya misafara ikaifuata.

Mwaka 2013 Tanzania na China zilitia sahihi makubaliano ya kujenga bandari kubwa Mbegani, kusini ya mji wetu. Mwaka 2019 mpango huo ulisimama, na mwaka 2021 Serikali ilitangaza nia ya kuufufua. Mtu akiuliza bandari kama hiyo yaanza na nini, asijibu winchi. Yaanza kwa kuchimba njia ya meli na kusimamisha ukuta juu ya ardhi isiyodidimia.

Nami nafikiri pia juu ya wachukuzi wetu. Mashine ikija, bega halitahitajika, bali atahitajika mtu ajuaye kuiendesha, kuikagua na kukataa mzigo uliozidi. Ni heri mtu huyo awe mtoto wa mchukuzi wa Bagamoyo.

Kabla ya kumaliza, nawaomba wasomaji washike mambo haya manne wanapoinua kitu chochote, hata pipa la maji:

1. Usisimame wala kuweka mguu chini ya mzigo ulioning'inia, hata kwa nukta moja.

2. Kumbuka kwamba boriti yenye kapi moja hubeba mara mbili ya mzigo.

3. Ukifunga mzigo kwa kamba mbili kutoka ndoana moja, usizipanue mno. Zikiachana kwa nyuzi 120, kila kamba hubeba uzito mzima kana kwamba iko peke yake.

4. Ufuate mzigo kwa macho kutoka ndoana mpaka ardhini, na ardhi nayo uikague.

Kamba hukatikia pembamba, ni kweli. Lakini siku ile kamba yetu haikukatika. Pembamba petu palikuwa chini ya miguu yetu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne